Yupo Jumapili?

Sabiri hakuwa na sura ya mtu wa kumdhuru bibi wa watu, lakini Inspekta Mwanne Kapaya alikwisha kuacha kuziamini sura tangu mwaka wake wa pili kazini. Alivuta kiti, akakaa mbele ya dereva huyo wa bajaji, akaweka mezani mkoba wa ngozi wenye kishikizo cha shaba. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mwenye mkoba alikuwa hajulikani alipo tangu jana yake saa nne kasoro.

"Hebu anza upya," alisema Mwanne.

"Afande, nimeshaanza upya mara nne."

"Ya tano haiui."

Sabiri alishusha pumzi. Pingu zilimlazimu kuweka mikono yote miwili juu ya meza, kama mtu anayesubiri kuandaliwa chakula. "Jana asubuhi nimemkuta nje ya gesti. Mama wa Kihindi, mtu mzima, kavaa sari ya bluu. Kanionyesha simu, ramani iko tayari, mshale unaelekea Kwihara. Nikamwambia panda, mama. Nikamshusha njiapanda ya kuingilia kwenye tembe, ile nyumba ya makumbusho, maana pale mbele barabara imechimbwa, bajaji haipiti. Nikamwonyesha njia kwa kidole, nikageuza."

"Na mkoba?"

"Kausahau. Nimeuona jioni, naosha bajaji nyumbani Isevya. Nilikuwa naurudisha."

"Ulikuwa unaurudisha, umeufunika kanga chini ya kiti."

"Sasa ningeutundika kwenye kioo, afande?"

Konstebo Benjamini, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari lake, aliachia kicheko, kisha akakigeuza kikohozi. Mwanne hakucheka. Mkobani mlikuwa na miwani, simu iliyofungwa kwa namba ya siri, kipimo cha sukari na sindano sita ndani ya pakiti zake. Dawa ya kuingia katika sindano hizo haikuwamo, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Bi Pramila alikuwa na miaka sabini na miwili. Alizaliwa Tabora, akaolewa Dar es Salaam, na Jumamosi aliteremka kwenye treni peke yake, kuja kuutazama mji wake baada ya miaka arobaini. Alikuwa akijidunga insulini asubuhi na jioni. Daktari wa hospitali ambaye Mwanne alimpigia simu hakupamba maneno. "Akikosa dozi moja ataumwa," alisema. "Akikosa mbili atalala chini. Ya tatu, afande, hapo tunaomba Mungu. Ya nne mimi singeingojea." Kwa hesabu ya Mwanne, iwapo hata ya jana asubuhi hakujidunga, dozi ya tatu ilikuwa imempita bibi huyo asubuhi hii. Ya nne ilikuwa jioni.

Simu yake ilitetemeka tena. Alikuwa Dipti, binti wa Bi Pramila, aliyetoa taarifa jana na tangu hapo anapiga kutoka Dar es Salaam kila baada ya nusu saa. "Shikamoo, dada. Mmempata?" Mwanne akajibu marahaba, kisha akajibu bado, na kila alipolitamka neno hilo aliliona linazidi kuwa zito.

Alichukua daftari la Benjamini na kulisoma upya, kwa kidole, mstari kwa mstari. Jana, mara Sabiri alipokamatwa na mkoba, askari wanane walizunguka Kwihara mpaka usiku. Mlinzi wa tembe alionyesha kitabu cha wageni, na jina la Bi Pramila halikuwamo. Wanakijiji waliulizwa nyumba kwa nyumba. *Swali: Mmemwona mtalii aliyekuja kwenye tembe leo? Jibu: Hapana.* Majibu thelathini na mawili, yote hapana. Kisha yakafuata maelezo ya Sabiri. *Mtuhumiwa anadai kwamba njiani mama huyo alikuwa akimtaja Dkt. Livingstone mara kwa mara.* Hakuna ajabu, Mwanne alijisemea. Mtu anayekwenda kwenye nyumba aliyokaa Livingstone atamtaja nani mwingine? Akafungua ukurasa wa mwisho, wa vitu vilivyokutwa chumbani gesti. *Sanduku moja. Viatu jozi mbili. Chai haikunywewa. Chupa ndogo ya kioo, imevunjika, ndani ya ndoo ya taka. Haihusiani.*

"Benjamini, nani amekufundisha kuandika haihusiani kabla kesi haijaisha?"

"Ni kichupa tu, afande. Cha marashi, nadhani."

"Ulikinusa?"

Benjamini akatikisa kichwa.

"Nenda kakitoe kwenye hiyo ndoo. Ukikuta wameshamwaga taka, zifuate zilikomwagwa. Mimi nipo kwa Mzee Kurban."

*

Ofisi ya utalii ya Mzee Kurban ilikuwa ghorofani, juu ya duka lake la vitambaa karibu na soko kuu. Jana Jumapili ilikuwa imefungwa, na hakuna askari aliyeona haja ya kuomba ifunguliwe; ramani ilisema Kwihara, Sabiri alisema Kwihara, basi wote walikimbilia Kwihara. Mwanne alipanda ngazi akijilaumu kwa hilo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umempata?"

"Bado."

Mzee Kurban akakaa chini bila kutazama kiti kilipo, bahati kilikuwapo. Yeye ndiye aliyemwalika Bi Pramila. Walisoma darasa moja, na kwa miezi mitatu alikuwa akimpigia simu kumwambia njoo, mji umebadilika, na sasa tuna tovuti, hutapotea hata ukitaka.

Tovuti yenyewe iliitwa Njia ya Tabora. Mgeni akiifungua alipokewa na msaidizi aliyepewa jina la Mpagazi, kwa kuwakumbuka watu waliobeba mizigo ya misafara kutoka hapa mpaka pwani. Mpagazi huyu wa sasa habebi hata kijiko. Unamwuliza kwa sauti au kwa maandishi, naye anakuelekeza benki, gesti, sokoni au makumbusho, na ramani juu. Kila gesti ya mjini ilikuwa na kadi yake mapokezi, ya kumfungulia kwa simu. Jana saa tatu, dada wa mapokezi alipokuwa kanisani, kadi hiyo ndiyo iliyobaki zamu.

Aliyemfundisha Mpagazi kazi alikuwa Wenceslaus, mtaalamu wa kompyuta kutoka Bukoba, mwenye miaka thelathini na kitu na shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Kidole chake kilikuwa kinagongagonga meza bila yeye kujua.

"Mwanzoni alikuwa anajua Kiswahili cha vitabu tu," alieleza. "Mtu akisema natoka ng'ambo, yeye anamwelekeza kata ya Ng'ambo. Mwingine aliuliza tembe za kutuliza kichwa, akapewa njia ya kwenda kwenye tembe la Kwihara. Tukachekwa mji mzima. Ikabidi tumtungie kamusi yake mwenyewe. Safu ya kwanza, maneno wanayosema watu. Ya pili, mahali wanapopakusudia. Ya tatu, nani katupa neno hilo. Tuliita kikao mwezi wa pili, kila idara ikaleta mtu. Hata polisi mlileta."

"Nilikuja mimi," alisema Mwanne. "Nilikunywa chai. Nionyeshe mazungumzo ya Bi Pramila."

Yalikuwa mistari minne tu.

*MGENI: Habari za asubuhi. Mapokezi hapana mtu na ofisi imefungwa. Nataka kwenda [TEMBE-KWIHARA], haraka.*

*MPAGAZI: Chaguo zuri! Kwihara ni jirani tu na mji. Fuata ramani hii.*

*MGENI: Jumapili [TEMBE-KWIHARA] yupo?*

*MPAGAZI: Ndiyo! Jumapili pia wageni wanakaribishwa. Safari njema!*

Mwanne aliusoma mstari wa kwanza, akakwama kwenye neno la mwisho. Nani anakimbilia makumbusho haraka, Jumapili asubuhi, kabla ya kunywa chai?

"Haya mabano ni ya nini?"

"Hilo ni jina la mahali, lile la safu ya pili. Mpagazi akisikia neno la watu, kwanza analibadilisha liwe jina moja, ndipo anatafuta njia. Kumbukumbu inatunza lililobadilishwa."

"Kwa hiyo hili silo neno alilosema mama."

"Ni lile lile, ila limenyooshwa."

"Sauti yake iko wapi?"

"Hatutunzi sauti, afande. Zinajaza nafasi."

Mwanne aliinama mpaka pua ikakaribia kioo cha kompyuta. "Nisomee mstari wa tatu."

"Jumapili tembe yupo."

"Rudia."

"Jumapili tembe yu..." Wenceslaus akaishia hapo.

"Tembe lipo," alisema Mwanne. "Wengine husema tembe ipo, nami siwagombezi. Lakini yupo? Nani umemsikia anasema nyumba yupo?"

Wenceslaus alijaribu kutabasamu. "Afande, unajua Wahindi wa zamani na ngeli..."

"Ngeli?" Mzee Kurban aliinuka kitini. "Pramila alikuwa wa kwanza kwa Kiswahili miaka minne mfululizo! Mimi nilikuwa wa pili, na ilikuwa inaniuma. Soma mstari wa juu, kijana. Mapokezi hapana mtu, ofisi imefungwa. Ngeli gani hapo imemshinda? Wewe mwenyewe jana umeniandikia 'gari yangu limeharibika'!"

Masikio ya Wenceslaus yakawaka moto.

"Basi hakukosea," alisema Mwanne polepole. "Hakusema tembe wala makumbusho. Ametaja mtu. Ameuliza kama mtu huyo yupo kazini Jumapili. Mpagazi ndiye aliyemfanya mtu akawa nyumba."

Viatu vya Benjamini vilisikika, akipanda ngazi mbilimbili. Aliingia akihema, jasho limemlowesha kola, na mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na kichupa kilichopasuka shingo, na nusu ya lebo bado imeshikilia kioo.

"Si marashi, afande," alisema kwa sauti ya mtu anayeungama.

Mzee Kurban alivaa miwani, akaisogeza lebo kwenye mwanga wa dirisha. "Insulini," alisoma. "Ilimponyoka. Kaivunja kabla ya dozi ya asubuhi, na bila shaka hakuwa na nyingine."

Mwanne aliviona vipande vyote vinakaa mahali pake. Mwanamke peke yake gestini. Dawa imevunjika. Mapokezi hapana mtu. Anataka kwenda kwa mtu, haraka, na anauliza kama mtu huyo yupo Jumapili.

"Fungua kamusi," aliamuru. "Nionyeshe kila neno linalompeleka mgeni Kwihara."

Wenceslaus alibonyeza. Yakatokea: *tembe. Makumbusho. Kwa Livingstone. Kwa Mzungu.* Akateremka mpaka mstari wa arobaini na moja, na hapo mkono wake ukasita.

*Kwa Dokta, dokta, kwa daktari, daktari.* Mahali: *TEMBE-KWIHARA.*

"Mungu wangu," alisema Mzee Kurban.

Lakini Mwanne alikuwa amekwisha kuhamia safu ya tatu. *Mtoa neno: Insp. Mwanne K., Polisi.*

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanne alizaliwa Kwihara. Bibi yake alikuwa akimtuma kuwarudisha mbuzi kwa maneno hayo hayo, nenda wameshafika kule kwa Dokta, na hakuna mtoto wa kijijini aliyeuliza dokta gani. Dokta alikuwa yule Mzungu aliyekufa zamani. Mwenye sindano aliitwa daktari wa hospitali, tena kwa jina refu hivyo hivyo. Mwezi wa pili, kikombe cha chai mkononi, alilitoa neno hilo kwa maringo, na watu wakampigia makofi.

"Mimi nilisema kwa Dokta," alisema. "Sikusema daktari."

"Daktari niliongeza mimi," Wenceslaus alijibu. "Nilitazama kamusi, dokta maana yake daktari. Nikaona si vizuri kuliacha neno sanifu nje."

Aibu ilimpanda Mwanne mpaka kwenye nywele, kisha hofu ikaipita aibu mbio. Aliitazama saa. Saa tano na robo.

Kidole cha Wenceslaus kilikuwa kimeshafika kwenye alama ya kufuta. "Niutoe mstari huu sasa hivi?" aliuliza, kisha akaongeza bila kumtazama, "Na jina lako litatoka nao, afande. Hapa tupo wanne tu."

Benjamini akakitazama kiatu chake. Mzee Kurban akatazama dirishani. Mwanne alikuwa amewabana watu kwenye viti vigumu kwa miaka kumi na minne, akiwaambia ukweli haumwui mtu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Chapisha kwanza," alisema. "Safu zote tatu. Ni kielelezo. Piga muhuri wa ofisi na uandike saa. Halafu ndiyo ufute, maana hata sasa hivi yawezekana kuna mgonjwa mwingine anauliza." Aliichukua karatasi ikiwa bado ina joto la mashine, akageuka mlangoni. "Wangapi wamepita kwenye mstari huo tangu mwezi wa pili?"

Wenceslaus alihesabu. "Kumi na mmoja."

"Wagonjwa wangapi, watalii wangapi?"

"Rekodi haisemi, afande."

*

Sabiri alitolewa mahabusu akidhani ni mara ya sita ya kuanza upya. Badala yake Mwanne alimuuliza jambo moja tu.

"Njiani, mama alikuwa anataja neno gani? Nataka neno lenyewe."

"Daktari. Alipanda akasema nipeleke kwa daktari. Nikatazama ramani, Kwihara, nikamwambia sawa mama, kwa Dokta napajua. Akafumba macho. Kila tukiruka shimo anauliza, bado kwa daktari? Tulipofika akauliza ndiyo hapa? Nikamwambia ndiyo, Dokta hapo mbele." Hapo akaielewa sentensi yake mwenyewe. "Alikuwa anaumwa, afande?"

"Livingstone alimtaja saa ngapi?"

"Hakumtaja! Huyu ndiye aliyemwandika." Akamnyoshea Benjamini mikono yote miwili, pingu zikilia.

"Alisema Dokta, Dokta," Benjamini alijitetea. "Nikajua ni yeye. Si ndiye huyo huyo?"

Kosa la Benjamini lilikuwa kosa la Mwanne mwenyewe, kwa mwandiko mwingine tu. "Mfungue," alisema. "Sabiri, si mtuhumiwa tena. Lakini nakuomba uje utuonyeshe hasa pale ulipomshusha."

"Naja," alisema Sabiri, akisugua vifundo vya mikono. "Na bajaji yangu mniletee ikiwa safi."

Walipitia hospitalini kumchukua nesi Advera, mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu, aliyepanda gari na sanduku la dawa na chombo cha barafu mapajani. Saa sita na nusu walikuwa nje ya mji. Vumbi jekundu la mwezi wa tisa liliingia hata vioo vilipofungwa. Simu ya Mwanne ililia, Dipti. Safari hii hakumwambia bado. "Najua alikuwa anatafuta nini," alisema. "Niache niendelee na kazi, mdogo wangu." Upande wa pili kilisikika kilio, kisha simu ikakatika.

Pale njiapanda, Sabiri alishuka akasimama mahali penyewe. Hatua ishirini mbele yake, mwanamke mtu mzima alikuwa amekaa na sinia la karanga za kuchemsha. Aliitwa Marcelina. Mwanne alimfahamu tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwanne. Jana wenzio walikuja na kelele zao hapa, mtalii, mtalii. Tukawaambia hatukumwona."

Mwanne alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Hakutaka kukosea neno hata moja. "Na mgonjwa, mama? Jana hapakupita mtu anatafuta daktari?"

Marcelina aliacha kupanga mafungu. "Yule mama wa Kihindi? Kumbe ndiye mnayemtafuta? Nyie mliuliza mtalii aliyeingia tembe! Mtalii kwetu ni mzungu na kamera. Huyu alikuwa mgonjwa wa watu, anatetemeka, hata tembe hakulitazama. Ananiuliza daktari yuko wapi. Nikamwambia dokta wetu ni mmoja tu, Silasi. Mume wangu akampakia kwenye baiskeli."

"Silasi yupi?"

"Dokta Silasi. Wa ng'ombe."

Sabiri alijishika kichwa. Nesi Advera alikuwa amekwisha kurudi garini.

Nyumba ya bwana mifugo ilikuwa nyuma ya mashamba, ng'ambo ya korongo lililokauka. Gari lilikataa kwenye korongo, wakavuka kwa miguu, Benjamini na sanduku la dawa kichwani, Marcelina mbele. Mwanne alikuwa akihesabu kimoyomoyo, na kila mara hesabu yake iliishia dozi ya tatu. Mlangoni aliwapokea Martha, mke wa Silasi, mikono ina unga.

"Dokta hayupo," alisema kabla hawajauliza. "Aliitwa Isikizya tangu juzi kuchukua chanjo ya kuku, na simu yake haishiki. Mnamfuata mgonjwa wake? Yumo ndani. Nimemwambia avumilie, dokta anarudi leo."

"Yuko hai?" aliuliza Mwanne.

Martha alimshangaa. "Amelala. Chakula hataki, ana kiu tu. Nimemkorogea uji mwepesi, nikamtilia asali ya mzinga wetu, ile nzito. Bakuli tatu tangu jana. Si unajua asali ni dawa?"

Advera alifumba macho kidogo, akaingia.

Bi Pramila alikuwa kitandani kwa Martha, amefunikwa shuka safi, viatu vyake vimepangwa vizuri chini. Martha alikuwa amempa kitanda chake, naye akalala kwenye mkeka. Hapakuwa na mtu mbaya popote katika habari hii, na hilo lilimkera Mwanne kuliko kama angemkuta jambazi. Kifua cha bibi kilipanda na kushuka kwa nguvu. Pumzi yake ilinukia utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi. Advera alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akamwonyesha Mwanne. Hakikuwa na namba. Sukari ilikuwa imepita mahali ambapo kipimo hicho kinajua kuhesabu.

Nesi alifanya kazi bila kusema, simu sikioni akimsikiliza daktari wa hospitali, dripu imening'inizwa kwenye msumari wa kalenda. Martha alisimama pembeni na bakuli lake. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini alilitazama bakuli, akaliweka chini, akaanza kulia.

Robo saa ilipita. Ikapita nyingine.

"Mapigo yanatulia," alisema Advera hatimaye. "Tukiondoka sasa nina matumaini. Tukichelewa sina."

Walimbeba kwa shuka, Benjamini na Sabiri kichwani, Mwanne na Marcelina miguuni, Advera ameinua dripu juu kama taa. Walipofika katikati ya korongo Bi Pramila alifumbua macho. Aliyazungusha polepole, akayasimamisha usoni kwa Mwanne.

"Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Mimi ni polisi." Karatasi ya mstari wa arobaini na moja ilikuwa mfukoni mwake, na aliisikia inakwaruza kila alipopiga hatua. Angeweza kunyamaza; mgonjwa hakuwa na hali ya kudai maelezo. "Ni mimi niliyekuelekeza huku. Neno lilikuwa langu. Unisamehe."

Bi Pramila alifikiri, au labda alipumzika. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka.

"Basi sasa," alisema, "nielekeze vizuri."

Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Advera. Sabiri na Marcelina walibaki njiani wakiwapungia mkono. Benjamini aliruka nyuma ya usukani, akafunga mlango, akageuka.

"Moja kwa moja kwa dokta, afande?"

"Hospitali, Benjamini," alisema Mwanne. "Litamke nilisikie."

Benjamini alimtazama mgonjwa kwenye kioo.

"Hospitali," alisema, akawasha gari.